NENO NA NDEGE KUTOKA JAPANI: Uhakiki wa Mapokezi Mawili ya Wangari Maathai

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Afrika Mashariki wamezoea kutafuta athari za kigeni upande wa Uarabuni, India na Ulaya. Japani aghalabu huhesabiwa kuwa nchi ya bidhaa tu. Kwa miaka mingi msafiri wa Waithaka aliyekwenda katikati ya Nairobi alipanda gari la abiria 14 ambalo wenyeji waliliita nisani, hata pale lilipokuwa limeundwa na Toyota. Na sehemu ya Barabara ya Ngong aliyopitia imepanuliwa baadaye kwa msaada wa Japani. Vyombo vimepata majina na barabara imejengwa, lakini fikra za Wajapani hazijajadiliwa vya kutosha katika lugha yetu.

Makala haya yanakusudia kuhakiki mambo mawili yasiyo bidhaa, yaani neno moja na hadithi moja. Yote mawili yalipata nguvu mpya Japani, na yote mawili yalitangazwa ulimwenguni na Mkenya mmoja, Profesa Wangari Maathai. Hoja yetu ni kwamba neno limepokewa kwa heshima iliyozidi kipimo, ilhali hadithi imepokewa bila uhakiki unaostahili.

Neno

Mwezi Februari 2005, Itifaki ya Kyoto ilipoanza kutumika, Maathai alikuwa Japani kwa mwaliko wa gazeti la Mainichi. Alikuwa amekwisha kutunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004. Huko alilisikia neno mottainai, na mwezi uliofuata akalitangaza New York katika kikao cha Tume ya Umoja wa Mataifa kuhusu Hali ya Wanawake. Katika kitabu chake Replenishing the Earth cha mwaka 2010 alilirejea, akilifungamanisha na shukrani na heshima kwa mali ya dunia.

Katika Kijapani, mottai ni hadhi au uzito wa kitu, na nai ni kikanushi. Mtu hulitamka neno hilo aonapo chakula kikitupwa au kitu kizima kikiachwa kiharibike. Ndani yake mna majuto na mna shukrani. Ndiyo maana husemwa mara kwa mara kwamba halitafsiriki.

Dai hilo lafaa kuchunguzwa. Ni kweli kwamba maneno yanayotujia kwanza, kama israfu, ubadhirifu na kufuja, humlaumu mtendaji bila kukitazama kitu chenyewe. Hata hivyo, mama wa Pwani amkemeaye mtoto anayemwaga wali hasemi kwamba mtoto amefanya israfu; humwambia asikufuru. Kufuru ni neno la dini, na katika Kiarabu lilikotoka, kinyume chake kimojawapo ni shukrani. Basi kukufuru neema ni kutupa kitu na kusahau fadhila kwa wakati mmoja. Majuto yamo na shukrani imo.

Tofauti iliyobaki ni ndogo, lakini ni yenye maana. Katika mottainai, anayekosewa ni kitu chenyewe, ambacho hadhi yake imepotezwa. Katika kufuru, anayekosewa ni Mwenye kutoa. Mwanafunzi wa isimu atafaidika zaidi kwa kuipima tofauti hiyo kuliko kwa kuambiwa kwamba Wajapani wana neno ambalo sisi hatuwezi kuwa nalo. Lugha inayosemwa kuwa haitafsiriki husifiwa, lakini papo hapo hufungiwa mlango.

Lipo pia suala la msemaji na msemwa. Mwaka 2006 Yuriko Koike, waziri wa mazingira wa Japani, alitangaza furoshiki iliyopewa jina la neno hilo, yaani kitambaa cha kufungia vitu, kilichofumwa kwa nyuzi zitokanazo na chupa za plastiki. Mwanamke wa Mombasa afungaye vitu vyake katika leso hahitaji kufundishwa matumizi hayo. Wala fundi wa jua kali ageuzaye kopo kuwa koroboi hahitaji kuhimizwa asitupe. Yeye hutumia tena kwa kuwa hana kingine. Neno hili linapoambiwa mwenye wingi, ni onyo. Linapoambiwa asiye na kitu, linakaribia kuwa dhihaka. Yafaa basi wanaolieneza waseme wazi wanamwambia nani.

Hadithi

Hadithi tunayoikusudia hunasibishwa na Waquechua wa Amerika ya Kusini. Ilienea Japani kwa kitabu cha mwaka 2005 kilichosimamiwa na Shin'ichi Tsuji. Mwaka 2008 ilitoka kwa michoro ya Michael Nicoll Yahgulanaas, msanii wa Wahaida wa Kanada, ambaye mtindo wake huitwa manga ya Kihaida kwa kuwa huchanganya sanaa ya watu wake na katuni za Kijapani. Maathai na Dalai Lama walichangia maandishi. Katika filamu Dirt! ya mwaka 2009, Maathai huisimulia mwenyewe huku wanyama waliochorwa wakitembea.

Kisa chenyewe ni kifupi. Msitu unawaka. Wanyama wote wamesimama wakitazama, wameemewa. Ndege mmoja mdogo anakwenda mtoni, anachukua tone moja la maji, analidondosha motoni na kurudi tena. Wenzake, akiwamo tembo mwenye mkonga mkubwa, wanamkatisha tamaa. Ndege anajibu kwamba anafanya awezalo.

Kwa upande wa fani, urahisi huu ndio nguvu ya hadithi. Hakuna wimbo, hakuna hila. Msikilizaji aliyelelewa kwa hekaya za sungura atashangaa kidogo, maana kwetu mnyama mdogo humshinda mkubwa kwa ujanja, na mara nyingi kwa ajili ya tumbo lake. Ndege huyu hana ujanja na hapati faida. Tena, methali yetu husema haba na haba hujaza kibaba, nayo huahidi kwamba kibaba kitajaa. Hadithi hii haiahidi lolote. Hatuambiwi kama moto ulizimika.

Kwa upande wa maudhui, udhaifu umo katika tembo. Methali ya Kiswahili hutuambia wapiganapo tembo nyasi huumia; kwetu tembo ni mwenye nguvu aletaye madhara. Katika hadithi hii yeye ni mvivu tu, na hakuna aulizaye nani aliwasha moto. Mwenye mamlaka anaweza kuisikiliza, akapiga makofi, na kuwataka wananchi wabebe matone yao.

Maisha ya msimulizi yanapinga usomaji huo. Harakati ya Ukanda wa Kijani aliyoianzisha mwaka 1977 ilikuwa kazi ya matone kweli, miche kwa miche mikononi mwa wanawake wa vijijini. Lakini mwaka 1989 Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 katika Bustani ya Uhuru, na Januari 1999 alipopigwa na walinzi katika Msitu wa Karura, hakuwa akibeba tone. Alikuwa amemkabili tembo. Kwa hiyo hadithi ni ndogo kuliko msimulizi wake, na mwalimu aifundishaye bila Karura hufundisha nusu.

Suala la tafsiri

Ndege wa hadithi hii huishi Amerika peke yake. Wajapani humwita hachidori, yaani ndege-nyuki, na kitabu chao hutaja katika jina lake ndege huyo pamoja na tone lake moja. Kiswahili kina chozi, ndege mdogo wa Afrika mwenye mdomo mrefu afyonzaye asali ya maua. Si ndege yule yule, lakini nafasi yake kimazingira ni ile ile. Zaidi ya hayo, chozi ni tone litokalo jichoni. Walichokisema Wajapani kwa maneno mawili, Kiswahili hukisema kwa moja. Mfasiri aangalie tu kilio kisiimeze kazi, kwa sababu ndege wa Maathai halii.

Hitimisho

Maathai alifariki tarehe 25 Septemba 2011. Jeneza lake liliundwa kwa gugumaji, mafunjo na mianzi, kwa kuwa hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Mabaki yake yamehifadhiwa katika taasisi yenye jina lake, kwenye Kampasi ya Upper Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi, si mbali na Waithaka. Jeneza lile lilifafanua mottainai kuliko kamusi yoyote, na halikuhitaji neno la kigeni.

Tunapendekeza basi kwamba idara zetu zisiliingize neno hili katika istilahi kabla ya kulipima na kufuru, na kwamba hadithi ifasiriwe kwa jina la chozi, na ifundishwe pamoja na habari za Uhuru na Karura. Hapo wanafunzi watamwona ndege, na watauliza habari za tembo.