Mikato Mitano ya Ceirt

Wachonga mawe wa Kerry na Cork, kusini mwa Ireland, hawakuhitaji uso wa jiwe uliolainishwa kama ukurasa. Katika karne ya 5 na ya 6 waliandika kwa alfabeti ya Ogham kwenye ukingo wa jiwe. Herufi zake 20 za awali ni mikato mitupu: mingine kulia kwa ukingo, mingine kushoto, mingine ya mshazari, inayouvuka. Irabu ni mapengo madogo juu ya ukingo wenyewe. Msomaji huanza chini, akapanda.

Mimi naisifu ceirt, herufi ya Q: mikato mitano kushoto. Ilibeba sauti ya kw, kama tunavyoanza kusema kweli. Ukipungua mkato mmoja, umekwisha andika coll, yaani k kavu. Na jiwe halifutiki.

Tazama fundi alivyoandika MAQI, yaani mwana wa fulani, neno lililojaa kwenye mawe haya ya kumbukumbu. M ni mkato mmoja wa mshazari, A ni pengo moja, kisha mikato mitano ya ceirt, kisha mapengo matano ya I. Hapo amegonga alama 12, na jina la baba bado. Wengine walirudufu Q, wakafikisha 17. Gharama hiyo yote ni ya nasaba!

Baadaye Waayalandi wakaacha kuviringa midomo, kw ikawa k. Mac ya akina MacCarthy ndiyo MAQI ileile iliyochakaa. Ceirt ikakosa kazi, lakini waandishi wa miswada ya zama za kati hawakuitupa. Waliiweka kwenye orodha ya herufi na kulieleza jina lake kuwa ni mtofaa. Wanaisimu wengine hulihusisha na perth ya Kiwelisi, kichaka. Lakini kalenda ya miti ya herufi hizi aliyoitunga mshairi Robert Graves katika kitabu chake cha 1948 ni ya kishairi. Mchonga mawe asingeitambua.

Mvua ya Kerry hula ukingo kwanza, kwa hiyo irabu ndizo hutangulia kupotea. Ceirt imelala ubavuni mwa jiwe, mikato mirefu mitano sambamba. Mara nyingi ndiyo inayomwonyesha msomaji wa leo kwamba hapa paliandikwa MAQI, hata A na I zikiwa zimeliwa, na kwamba jina la baba litafutwe juu yake.