Fundi wa Majina

Kabla hajagusa kompyuta, hufungua daftari. Nimemtazama mara nyingi fundi huyu wa mitandao, na kila anapopewa kazi ya kusimika seva ya DNS mwanzo wake ni uleule: kalamu, majina upande wa kushoto, namba upande wa kulia. Seva ya kwanza itaitwaje na anwani yake ya IP ni ipi? Ya pili itakaa jengo gani? Barua pepe zitapokelewa na mashine ipi? Hainui kichwa mpaka kila jina lipate mahali pake. Zamani nilidhani anapoteza muda. Siku hizi najua kwamba anapolifunga daftari, nusu ya kazi imekwisha.

Kazi yenyewe ni kujibu maswali. Watu hukumbuka majina, kompyuta hutafutana kwa namba, na lazima awepo wa kuligeuza jina kuwa namba. Aliyewahi kutafuta nyumba katika mtaa asioujua ataelewa mpango ulivyo. Wa kwanza unayemuuliza hukuelekeza kwenye kata, huko wanakuelekeza mtaa, na mjumbe wa nyumba kumi ndiye anayeujua mlango. Seva za mzizi hazijui mfano.co.tz iko wapi, ila zinajua nani anashika .tz. Hao nao huelekeza mbele, hadi swali limfikie mwenye jibu. Seva anayoisimika fundi wetu ndiyo mjumbe huyo wa mwisho. Akitoa namba isiyo sahihi, wote waliomtangulia hawana la kumsahihisha.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Katika mtandao wa ARPANET majina ya kompyuta zote yaliandikwa katika faili moja, HOSTS.TXT, iliyotunzwa na kituo kimoja huko California, na kila aliyeihitaji aliinakili. Mtandao ulipokua, faili ile ikaelemewa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akaleta mpango wa kugawana mzigo: kila mwenye majina ayatunze mwenyewe. Wanafunzi wanne wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley wakaandika programu ya BIND, ambayo bado inafanya kazi hiyo duniani kote. BIND huendeshwa kwa mafaili ya maandishi matupu, na kwa mgeni mafaili hayo yanatisha. Mwaka 1997 Jamie Cameron, mwandishi wa programu kutoka Australia, akatoa Webmin, paneli inayofunguliwa kwa kivinjari kupitia mlango namba 10000. Tangu hapo mtu anaweza kuanzisha zoni ya majina kwa kujaza fomu.

Fundi wangu huijaza fomu hiyo kama anayesoma mkataba. Huandika jina la kikoa, jina la seva kuu, barua pepe ya msimamizi, kisha husimama kwenye nafasi za muda. Hapo wengi huacha kila kitu kama kilivyo. Yeye hueleza kila namba kwa kijana aliyeketi pembeni: kila baada ya saa ngapi seva ya pili ije kuuliza kama kuna mabadiliko, ikikosa jibu, irudi baada ya dakika ngapi, seva kuu ikipotea kabisa, ya pili iendelee kujibu kwa siku ngapi, na jina lisilokuwepo, walioambiwa halipo walikumbuke hivyo kwa muda gani.

Halafu zinafuata rekodi, na ndani ya rekodi kuna nukta. Katika BIND jina lililo kamili huishia na nukta. Ukiisahau, programu hudhani jina halijakamilika na kuliongezea jina la zoni mwishoni, kwa hiyo mail.mfano.co.tz hugeuka mail.mfano.co.tz.mfano.co.tz. Tovuti inafunguka, ila barua pepe hazifiki, na ofisi nzima inaanza kumlaumu mtoa huduma. Fundi huiandika nukta, kisha hufungua faili lenyewe ndani ya paneli na kulisoma mstari kwa mstari, kidole kikiwa kwenye skrini.

"Kaka, si imeshahifadhi?" kijana aliuliza siku moja.

"Imehifadhi, mdogo wangu. Bado haijajibu."

Ndivyo ilivyo. Paneli huandika faili kwanza; seva haianzi kulitumia mpaka iamriwe. Na kuna namba ya toleo ambayo seva ya pili huitazama kabla ya kunakili chochote. Isipopanda, seva ya pili hukaa na habari za jana ikiamini ni za leo. Webmin huipandisha yenyewe rekodi inapobadilishwa kwenye fomu, lakini anayehariri faili kwa mkono katika mashine isiyo na paneli lazima aikumbuke mwenyewe. Kwa hiyo fundi humfundisha kijana kuitazama kila mara.

Baada ya hapo hukagua milango. Namba 53 hufunguliwa kwa UDP na kwa TCP pia, kwa sababu majibu makubwa na unakili wa zoni hupita TCP. Kisha huhakikisha kwamba seva inajibu ulimwengu mzima kuhusu majina yake tu, wala haitumwi na wageni kutafuta majina ya wengine. Seva iliyoachwa wazi hugeuzwa silaha: mhalifu huuliza swali dogo kwa anwani ya kughushi, na jibu kubwa humwangukia mtu asiyehusika.

Ninachokipenda zaidi ni anavyohamisha tovuti kutoka mashine moja hadi nyingine. Rekodi huwa na muda wa kukumbukwa, mara nyingi sekunde 86400, yaani siku nzima. Siku mbili kabla ya kuhama huushusha hadi sekunde 300. Kisha hungoja. Hakuna cha kuonyesha kwa siku hizo mbili, na mwenye tovuti hupiga simu akiuliza kwa nini kazi imesimama. Haijasimama: kumbukumbu za zamani zinaisha moja moja katika seva za watu asiowajua. Siku ya kuhama ikifika, ndani ya dakika chache wageni huanza kufika kwenye mashine mpya, na hakuna anayejua kwamba jambo limetokea. Ndipo huurudisha muda ulivyokuwa. Mwenda pole hajikwai.

Mwisho huuliza maswali kwa amri ya dig: kwanza kwa seva yake, kisha kwa seva ya pili, kisha kupitia mtandao wa simu, nje kabisa ya ofisi. Majibu yote matatu huyalinganisha na daftari. Yakilingana, huweka alama ya vema na tarehe.

Wewe unayemkabidhi mtu majina ya shule, duka au hospitali yako, paneli utaiona imependeza kwa kila fundi, mzoefu na mgeni. Muombe akuonyeshe daftari.