Kuku wa kujaza kwa watoto: kazi huisha kabla ya sindano

Kuku wa kujaza hupikwa ili aonekane mzima mezani, na hapo ndipo watoto wanapopunjwa. Jicho la mpishi huwa kwenye ngozi iliyoiva rangi ya kahawia na kwenye mshono usioachia, halafu watoto wanadokoa wali uliomo tumboni, wanatafuna kipande cha kidari mara mbili tatu na kukirudisha sahanini. Lawama huwaangukia wao: wamezoea chipsi, wanadeka, hawajui kula. Nadhani kosa liko kwenye mpangilio wa kazi. Anayemjaza kuku mbichi anaudai moto mmoja kazi tatu zinazopingana: ulainishe nyama, uivishe kilichomo ndani na ukaushe ngozi. Kuku atakayeliwa na watoto anapaswa kulainika kwenye mchemsho, mchanganyiko wa kujazia uive kwenye sufuria yake, viwili hivyo vikutane vikiwa moto, na moto wa mwisho ubakiwe na kazi ya ngozi tu.

Sababu ya kwanza ni jinsi joto linavyosafiri. Joto huingia kwenye nyama kutoka nje kwenda ndani, tena polepole, na unene wa kitu ukiongezeka mara 2, muda wa kulifikisha joto katikati huongezeka takriban mara 4. Kuku mtupu ana upenyo tumboni unaopitisha hewa ya moto. Ukishamjaza, amekuwa donge moja, na mahali pa mwisho kupata moto ni katikati ya donge hilo. Bahati mbaya ndipo majimaji ya nyama mbichi yanapochuruzikia, na majimaji hayo yanaweza kubeba bakteria wa salmonela. Idara ya Kilimo ya Marekani inataka nyama ya kuku, pamoja na kile alichojazwa, vifike nyuzi 74 za Selsiasi. Kabla katikati ya tumbo hapajafika hapo, kidari kilichoko nje kimeshapita nyuzi 80, maji yametoka na nyuzi za nyama zimekaza. Mtu mzima atakimeza kwa mchuzi. Mtoto wa miaka minne, mwenye magego madogo na subira ndogo zaidi, atakitema. Mpishi akimtoa kuku mapema ili kidari kisikauke, anakuwa amenunua ulaini kwa hatari ya kuharisha, na wanaoumia zaidi kwa kuharisha ni hao hao wadogo.

Kwa jiko la Kilakala, hoja hii ina uzito kuliko kwenye vitabu vya mapishi vinavyoanzia kwenye oveni. Katika kata hii ya Manispaa ya Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, jiko la mkaa bado lina kazi nyingi, na anayeheshimiwa siku ya sikukuu ni kuku wa kienyeji. Huyu ametembea na kuchakura, na mara nyingi amechinjwa akiwa na umri mkubwa kuliko kuku wa kisasa, ambaye huchinjwa akiwa na wiki tano au sita. Umri na mazoezi huimarisha kolajeni, ile kamba inayoshikilia misuli ya paja na mguu. Kolajeni hailainishwi na moto mkali wa haraka. Inataka unyevu na muda, hadi igeuke ute unaoteleza mdomoni. Morogoro mjini iko takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemkia karibu nyuzi 98, na hizo zinatosha kabisa. Kinachohitajika ni kumtokosa kuku mzima kwa chumvi, tangawizi, kitunguu saumu na kitunguu maji, moto ukipunguzwa mpaka maji yawe yanatetema bila kutokota kwa fujo. Tetea mchanga huchukua dakika 45 hivi. Jogoo mkongwe anaweza kupita saa moja na nusu. Fujo ya maji ni adui, maana hupasua ngozi, na ngozi iliyopasuka haishoneki. Dalili ya kumtoa ni uma kuingia pajani bila kusukumwa huku mguu ukiwa bado umeshikamana na mwili.

Supu iliyobaki ndiyo inayopika wali wa ndani, na hapa ndipo ladha yote inaporudi. Kuku wa kilo moja na kitu anatosheka na mchele usiozidi nusu ya robo kilo, kwa sababu ukiiva uzito wake unakaribia mara tatu. Mchele wa Kilombero hautoki mbali, na karoti na njegere hushuka kutoka Mgeta. Karoti ikwanguliwe badala ya kukatwa vipande, na njegere zipondwe kwa mwiko, kwa kuwa kitu kidogo cha mviringo ni hatari ya kumkaba mtoto mwenye chini ya miaka minne. Zabibu kavu ambazo wengi huzipenda kwenye kuku wa kujaza zikatwekatwe, na karanga nzima ziachwe. Maini yaive mpaka wekundu uishe, kisha yasagwe kwa uma ndani ya wali. Humo mtoto anapata madini ya chuma na vitamini A bila mabishano. Firigisi, ambayo kwa nyumba nyingi ni ya baba, ikikatwa vipande vidogo kabisa inaingia pia. Viungo vya miteremko ya Uluguru, yaani mdalasini, iliki na karafuu, vitumike kwa kiasi cha kunukia tu. Pilipili manga na pilipili kali ziwekwe kwenye kachumbari ya wakubwa. Watoto wa kati ya miaka miwili na sita hukataa chakula kigeni kuliko wa umri mwingine wowote, na wali wanaoufahamu ndio unaowashawishi kukubali nyama wasiyoijua.

Kukutanisha vitu hivi kunataka haraka na utaratibu. Wali uingie ukiwa unafuka moshi, kwenye kuku ambaye bado ni moto, na usishindiliwe: theluthi mbili za tumbo zinatosha. Mshono uwe wa uzi mweupe wa pamba, mmoja mrefu, wenye fundo upande mmoja, ili ukikatwa fundo uvutike wote kwa mara moja. Vijiti vya meno vinarahisisha kazi ya mpishi, lakini kimoja kikisahaulika kitakutwa na ulimi wa mtoto. Baada ya hapo kuku apakwe mafuta kidogo yenye binzari, alazwe kwenye sufuria nzito, afunikwe na kupaliwa makaa juu ya mfuniko, mengi juu na machache chini, kama wanavyofanya wapishi wa wali na mkate wa kumimina. Dakika 20 hadi 30 zinaipa ngozi rangi. Asiungue, kwa sababu ngozi nyeusi ni chungu, na watoto huusikia uchungu upesi.

Mtetezi wa njia ya zamani atasema huyu si kuku wa kujaza tena, ni kuku wa kuchemsha aliyefichiwa wali, na kwamba utamu wa mapishi haya ni wali kunyonya mafuta ya kuku ukiwa tumboni. Pingamizi hili lina ukweli nusu. Ni kweli wali hunyonya, lakini vijiko vichache vya majimaji yanayochuruzika ndani ya kuku haviwezi kushindana na sufuria nzima ya supu iliyochukua mifupa, shingo na miguu kwa saa nzima. Ladha iliyotafutwa kwa kujaza mbichi inapatikana kwa wingi zaidi nje ya tumbo. Wa pili atauliza juu ya kuku wa kisasa, ambaye hana ugumu wa kulainisha. Huyo nakubali hataki saa. Dakika 20 za mchemsho mdogo zinatosha. Hazilengi ugumu, zinamwondolea ubichi wa tumbo kabla wali haujaingia, na nyama yake itamalizikia kwenye makaa bila kukauka. Lakini kwake ni lazima mpishi achome penye unene wa paja mwishoni na kuona majimaji meupe yasiyo na wekundu. Asiporidhika, amrudishe motoni.

Swali gumu zaidi ni la tatu: ikiwa kila kitu kimeshaiva, kwa nini kujaza? Kwa siku ya kawaida, jibu la kweli ni kwamba hakuna haja. Wali na kuku kwenye sahani vinashibisha sawasawa. Kujaza ni kazi ya sherehe. Mtoto anayeona tumbo likifunguliwa na mvuke ukitoka hula kwa udadisi, na udadisi ni njia ya kumwonjesha njegere na maini ambayo angeyasukuma pembeni. Ila sherehe ipewe nafasi yake, isitangulie usalama. Kuku akifika mezani, uzi uvutwe mbele ya watoto, wali wote utolewe kwenye bakuli, na wadogo wapewe nyama ya paja iliyochambuliwa na kupapaswa kwa vidole kutafuta vijifupa. Wali usiachwe tumboni usubiri wageni wanaochelewa: mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus hustahimili mchemsho na huamka wali unapopoa taratibu, na sumu anayoiacha haiondoki kwa kupasha moto. Kisicholiwa ndani ya saa mbili kiingie kwenye friji, na pasipo na friji, kiasi cha kupika kipimwe kwa idadi ya walaji.