Sifa Iwarudie Mafundi wa Drayton Hall

Kando ya Mto Ashley, karibu na Charleston katika jimbo la Carolina Kusini, ipo nyumba ya matofali iliyomilikiwa na ukoo wa Drayton kwa vizazi saba. John Drayton alinunua ardhi hiyo mwaka 1738, na mwanzoni mwa miaka ya 1750 nyumba ilikuwa na wenyewe.

Upande wa barabara, baraza mbili zenye nguzo zimepandana kwa mtindo wa Palladio, msanifu wa Italia. Ndani, maseremala walijenga ngazi mbili za mahogani zinazopanda sambamba. Kwenye dari mojawapo, fundi alichonga nakshi kwa mkono plasta ingali mbichi. Kazi hiyo haimsubiri mtu: plasta ikishakauka, mkono uliositasita huonekana daima. Ukiitazama dari ile, huoni kusitasita.

Mafundi hao walikuwa Wazungu na Waafrika, na mzigo mkubwa wa ujenzi waliubeba watumwa. Nyumba ilichukua jina la tajiri. Wengi wa walioitolea jasho hawakuandikwa popote. Lakini kazi yao imedumu. Nyumba ilivuka vita viwili vikubwa vya Marekani. Tetemeko la 1886 na kimbunga cha 1893 viliondoa majengo mawili ya ubavuni. Jumba lenyewe likabaki.

Ukoo haukuwahi kuingiza umeme wala mabomba ya maji. Mwaka 1974, shirika la National Trust for Historic Preservation lilipoichukua, liliamua kuitunza kama ilivyokutwa, bila kuirudisha upya. Vyumba vimeachwa vitupu, rangi ya zamani haikufunikwa, na alama za vimo vya watoto wa ukoo bado zinasomeka. Huo nao ni ufundi: kuzuia kuharibika bila kufuta mkono wa aliyetangulia.

Kwenye ardhi hiyo hiyo yapo makaburi ya Waafrika na wazao wao. Richmond Bowens, aliyezaliwa hapo mwaka 1908 katika ukoo uliotokana na watumwa, alirejea uzeeni kuwa mlinzi wa lango na msimulizi wa historia ya watu wake.

Basi anayeisifu nyumba ya kale asiishie kuuliza ilikuwa ya nani. Aulize ilijengwa na nani, na makaburi yao yatunzwe kwa heshima ile ile inayopewa dari waliyoiacha.