Tezi Mbili za Mbu

Mbu wamekaa wiki tatu ndani ya kizimba cha wavu, katika kabati lenye joto la nyuzi 21. Ukiwapa joto la pwani, kimelea hakikui ndani yao. Plasmodium berghei ni kimelea cha nyanda za juu: Ignace Vincke na Marcel Lips walikieleza mwaka 1948 baada ya kukipata kwa panya wa vichakani wa Katanga, Kongo, na mpaka leo bado kinadai baridi ya kwao. Binadamu hakimwambukizi. Panya wa maabara kinamwangusha, na ndiyo sababu malaria yetu huchunguzwa kupitia kwake.

Fundi wa maabara anawapoza mbu kwenye barafu hadi wazimie, anawachovya katika spiriti, kisha anawaosha kwa maji ya chumvi. Mmoja anamlaza ndani ya tone juu ya slaidi, chini ya hadubini. Viwiko vyake vimeegemea meza, maana mkono unaoning'inia hutetemeka. Ana sindano mbili, zile zile za hospitali, zilizopachikwa kwenye bomba tupu ili apate pa kushika.

Sindano ya kushoto inabana kifua. Ya kulia inagusa shingo na kuvuta. Kazi iko hapa. Ukivuta kwa pupa, kichwa kinachomoka peke yake na tezi zinabaki kifuani. Yeye anavuta, anasita, anavuta tena, mpaka nyuma ya kichwa zinatokeza tezi mbili za mate, kila moja na vidole vitatu, angavu kama ute wa yai. Anazikata, anazifyonza kwa pipeti, anazitia kwenye kichupa kilichozikwa katika barafu. Mbu mwingine. Mwingine tena. Alipofika wa arobaini nilichoka, mimi niliyekaa tu nikitazama.

Tezi zinasagwa kwa mchi mdogo wa plastiki, na vimelea vyembamba vilivyopinda kama mundu vinahesabiwa.

Panya anaingizwa kwenye bomba lenye matundu ya hewa, mkia nje. Mkia unakandwa kwa maji ya vuguvugu ili mshipa utune. Fundi anangoja mnyama atulie, ndipo sindano yenye vimelea hivyo inaingia, karibu imelala juu ya ngozi. Ikigoma kusukumika, amekosa mshipa. Anachomoa, anasogea juu kidogo.

Kwa siku mbili hivi vimelea hujificha katika ini. Siku ya tatu anaanza kuchukua damu: tone kutoka ncha ya mkia, slaidi ya pili iliyoinamishwa, msukumo mmoja usiosita, methanoli, rangi ya Giemsa, kisha kuhesabu.

Panya si mtoto wa mtu, na dawa nyingi zilizomponya yeye zimeshindwa kwetu. Lakini mwaka 1967 Ruth Nussenzweig na wenzake, New York, waliwachanja panya kwa vimelea vya tezi vilivyodhoofishwa kwa eksirei, na baadhi yao hawakuugua. Njia hiyo ndiyo iliyofika kwenye chanjo ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watoto mwaka 2021.