Panya amepona, lakini mugonjwa je?

Wandugu, memwari ya aina hii tunaijua wote. Unatafuta panya, unawanywesha maji ya majani fulani, halafu unawapiga sindano ya aloksani. Wale wasiokunywa, sukari inapanda. Waliokunywa, inapanda kidogo tu. Hitimisho: "Mmea huu una antioksidanti, unalinda seli za beta." Juri inapiga makofi.

Mimi nasema tusipige makofi mbio hivi.

Tangu 1943 inajulikana kama aloksani inaua seli za kongosho zinazotoa insulini. Inaingia kwa mlango unaoitwa GLUT2, na mule ndani inazalisha radikali na peroksidi ya hidrojeni. Seli za beta zina katalazi kidogo sana, njo maana zinakufa upesi. Basi ukitanguliza antioksidanti, umemwaga maji mbele moto haujawaka. Ni kemia nzuri, sibishi. Lakini umepima dawa ya aloksani, haujapima dawa ya ugonjwa wa sukari. Mugonjwa wetu hakupigwa sindano ya aloksani. Tena seli za beta za mtu zina GLUT2 kidogo, na sumu ile haiziumizi sana.

Mfano upo. Nikotinamidi ililinda panya vizuri juu ya streptozotosini, sumu nyingine ya seli hizo. Kisha utafiti wa ENDIT uliijaribu kwa watu 552, ndugu za wagonjwa wa sukari ya aina ya 1. Matokeo ya 2004: haikuzuia kitu.

Hapa kwetu kuna njia bora. Mu 2017, watafiti wa UNILU walitangaza kazi juu ya mimea 9 inayotumiwa Lubumbashi kwa sukari. Swali lao lilikuwa wazi: je, inashusha sukari ao hapana? Hilo ni swali ambalo mama anayenunua mizizi sokoni analiuliza pia.

Na kama kweli tunapenda kuchunguza dawa inayoumiza seli za beta, Kongo ina yake: pentamidini, iliyotibu wagonjwa wengi wa malale. Inaweza kupasua seli hizo: kwanza insulini inamwagika na sukari inashuka vibaya, baadaye mtu anaweza kubaki na ugonjwa wa sukari. Tangu 2018 Kongo imekubali feksinidazoli, vidonge vya kumeza, lakini waliopitia sindano za zamani bado wanaishi. Nani anapima sukari yao?

Kwa hiyo, mudogo wangu unayeandika sasa, jiulize: majani nayatoa mbele ya sumu ao nyuma? Nimelinganisha na metformini? Nimepima insulini, ao sukari tu? Juu mtu akisikia "inalinda kongosho", anaweza kuacha sindano yake ya insulini nyumbani. Panya wa labo hatamufia mutu. Yule mama, watoto wake wanamungojea.