Rafiki kabla ya njia: Kuisoma upya safari ya Guevara na Granado

Mwanangu kaniletea hoja ambayo sikuitarajia. Yeye na swahiba wake wanataka kwenda Moyale kwa pikipiki. Nilipokataa, akaniwekea kitabu mezani: shajara ya safari ya Ernesto Guevara, ile ambayo wengi wanaijua kwa jina la The Motorcycle Diaries. "Baba, soma kwanza ndipo ukatae," akasema. Basi nimeisoma tena baada ya miaka mingi, na kumbe mara ya kwanza niliisoma vibaya.

Mara ile nilifanya wafanyavyo wengi. Nilimtafuta Che ndani ya Ernesto. Kila ukurasa nilijiuliza: mwanamapinduzi anazaliwa wapi hapa? Usomaji wa namna hiyo humfanya Alberto Granado awe utingo tu, mtu wa kupakia mizigo huku shujaa akikomaa. Kitabu chenyewe kinaukataa.

Tuanze na neno. "Rafiki" tumelipokea kutoka Kiarabu, na huko rafiq ni mwenzi, hasa mwenzi wa njiani. Waarabu wana msemo unaomshauri mtu achague rafiki kabla ya njia. Sisi tumelikalisha neno hili nyumbani. Siku hizi mtu ana "marafiki" elfu mbili kwenye simu ambao hajawahi kugawana nao hata chupa ya maji. Ukilirudisha barabarani, shajara hii inafunguka.

Mwanzoni mwa 1952, Ernesto, mwanafunzi wa udaktari wa miaka 23, na Granado, mtaalamu wa baiokemia wa miaka 29, wanaondoka Argentina kwa pikipiki kuukuu aina ya Norton waliyoibandika jina La Poderosa, yaani Mwenye Nguvu. Nguvu gani! Inawaangusha kila mara, inafungwafungwa kwa waya, na inawafia nchini Chile. Kuanzia hapo ni miguu, lifti za malori na kujificha chooni melini. Walikuwa wadoezi hodari. Gazeti moja la Chile liliwaandika eti ni mabingwa wa ukoma, nao wakaitumia sifa hiyo kujipatia malazi na chakula.

Lugha ya urafiki humu ni utani. Hakuna anayemwambia mwenzake kwamba anamthamini. Barua ya kuachwa na mchumba inamfikia Ernesto njiani, naye haililii kurasa nyingi. Pumu ikimbana, Granado anamdunga sindano, kisha masihara yanaendelea. Wanaume tunaijua lugha hiyo. Husitiri mapenzi, ila husitiri pia ugomvi.

Ukomavu ninaouona mimi unatokea jangwani, karibu na mgodi wa shaba wa Chuquicamata. Wanakutana na mume na mke maskini. Mume ni mkomunisti aliyewahi kufungwa, na sasa anatafuta kazi migodini. Usiku ni wa baridi kali na wawili wale hawana hata blanketi. Vijana wanawapa moja kati ya yale yao mawili, wao wenyewe wanajibana ndani ya lililobaki. Urafiki uliokuwa wa watu wawili na pikipiki yao umepata nafasi ya watu wengine. Hivyo hivyo San Pablo, kando ya mto Amazon nchini Peru, wanapowashika mikono wagonjwa wa ukoma bila glavu na kucheza nao kandanda. Filamu ya Walter Salles ya 2004 inamtumbukiza Ernesto mtoni usiku wa siku yake ya kuzaliwa, ionekane kwamba amevuka peke yake. Blanketi lile la kugawana linanitosha kuliko mto wote.

Kitabu kina walakini. Wanawake wengi humu ni mchumba, mpishi au kishawishi. Dansini Lautaro, Ernesto akiwa amelewa anamvuta mke wa mtu, na wote wawili wanatoka mbio. Mwanamke mzee wa Valparaíso, mtumishi mgonjwa wa pumu ambaye Ernesto anashindwa kumsaidia, ni mmoja wa wachache wanaopewa utu kamili. Aidha, mwandishi alizipitia upya kumbukumbu zake baada ya kurejea, kwa hiyo sehemu ya ukomavu huo imepangwa mezani.

Sisi Waswahili tuna kipande chetu katika kisa hiki. Mwaka 1965 Guevara alipitia Tanzania, akavuka Ziwa Tanganyika na kuingia Congo kupigana. Jina lake la vita lilikuwa Tatu. Makamaradi wawili wakaitwa Moja na Mbili. Kampeni ile ilishindwa, na yeye mwenyewe alikiri hivyo kwa maandishi. Sababu zake ni nyingi. Mimi naongeza dogo la msomaji: safari hii haikuwa na Granado. Kamanda hana wa kumcheka usoni.

Hata katika fasihi yetu ya safari, wenzi wa hadhi sawa ni adimu. Katika Safari za Wasuaheli, mkusanyiko wa 1901, Selim bin Abakari anafika Urusi na Siberia, lakini akiwa mtumishi wa Mjerumani.

Guevara na Granado waliachana Caracas Julai 1952, wakiahidiana kwamba Ernesto angerudi akishamaliza masomo. Hakurudi. Walionana tena Havana mwaka 1960, na mwaka uliofuata Granado akahamia Cuba.

Miaka minane! Mimi nina zaidi. Ujanani nilisafiri kwa lori na rafiki yangu tukielekea Lodwar. Tulipofika Kapenguria tukagombana kuhusu pesa za chakula, pesa ndogo kabisa. Nikashuka, yeye akaendelea. Tumekutana matangani mara mbili tangu hapo, tukataniana kwa sauti kubwa, kila mtu akaenda zake. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na mimi dhikini nilishuka.

Mwanangu nimemjibu kwamba leseni na helmeti si hoja ya kwanza. Amlete huyo swahiba wake nyumbani Jumamosi, nimwone. Nambari ya mwenzangu wa Lodwar nimeipata kwa dadake. Jana nilimpigia, hakushika. Leo jioni nitapiga tena.